Juliette aliacha chuo, akawapa mbwa majani

Ukishuka Ruiru saa moja jioni, ukishamalizana na kelele za makanga, sauti inayofuata ni ya mbwa. Kila ploti yenye geti ina mbwa. Aliyemaliza kujenga amefuga, na anayejenga bado amefuga wa kulinda simiti. Paka nao hawana idadi. Hao ni wa mtaa mzima: wanakula kwako, wanalala kwa jirani.

Zamani menyu yao ilikuwa moja, ugali na omena, halafu mifupa siku ya Jumapili. Siku hizi fungua simu tu uone. Kuna unga wa mlonge wa kung'arisha manyoya. Kuna manjano ya mbwa mzee anayechechemea. Kuna mwarobaini wa minyoo, kitunguu saumu cha viroboto, na poda fulani ya kijani ambayo muuzaji anaapa kwamba inatibu kila kitu. Unaletewa hadi Thika.

Mimi ni mmoja wa walionunua. Nitakueleza yaliyonipata, usijali. Lakini kwanza nataka umjue mwanamke mmoja aliyeishi mbali na hapa na ambaye ameshazikwa kitambo. Ukimtaja kwa watu wa mitishamba kule Uingereza au Marekani, wengi hawatakuuliza ni nani. Sisi huku hatumjui, ilhali kila tunapomwekea mbwa poda ya majani kwenye sahani, tunapita njia ambayo yeye alikuwa miongoni mwa walioifyeka.

Jina lake ni Juliette de Baïracli Levy. Alizaliwa Manchester, Uingereza, Novemba 1912. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, baba akitoka Uturuki na mama Misri, na pesa ilikuwapo. Hakuwa mtoto wa kuhesabu nauli. Tangu utotoni alikuwa mtu wa wanyama, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa alipoenda kusomea udaktari wa mifugo, Manchester kisha Liverpool.

Huko ndiko mambo yalikochacha. Masomo ya wakati huo yalitumia wanyama hai kwa majaribio, na Juliette hakuweza kuvumilia. Yeye alikuwa amekuja kujifunza kuponya, na alichokiona ni mbwa wakikatwa ili mwanafunzi aone ndani kuna nini. Akaacha. Hakuchukua digrii, na hakurudi tena kuitafuta.

Hapo nilimpenda, sitakuficha. Mimi pia niliacha chuo, mwaka wa pili, hapa hapa Thika. Karo ilikuwa shida, na tuseme ukweli, hamu pia ilikuwa imeisha. Kwa hivyo nilipokutana na stori ya dropout aliyekuja kuandika vitabu vinavyosomwa na wenye digrii, nilijiona. Lakini tusidanganyane. Juliette alikuwa na pa kuangukia. Dropout wa familia tajiri na dropout wa Kimbo si kitu kimoja, hata kama wote hawakuvaa joho.

Alichokifanya baada ya kuacha ndicho kinachofaa kukumbukwa. Hakukaa nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alifungua kliniki London ya kutibu mbwa wenye distempa. Huu ni ugonjwa wa virusi: mbwa anapata homa, macho na pua vinatoa uchafu, anakohoa, anaharisha, halafu wengine wanaanza kutetemeka na kupata kifafa. Enzi hizo uliua mbwa Uingereza bila huruma. Juliette aliwatibu kwa kuwafungisha chakula, kuwapa asali na mitishamba, kisha kuwarudisha polepole kwenye lishe.

Pia alianza kusafiri. Aliishi na Waroma, wale ambao Waingereza huwaita Gypsies, akajifunza kwao majani ya farasi na mbwa. Alikaa na wakulima wa Uhispania na Mabedui wa jangwani. Alifanya kile ambacho wewe na mimi tunaona haya kukifanya: alikaa chini mbele ya watu wasio na cheti, akauliza, akaandika. Hebu fikiria wewe ukipanda matatu hadi Gatundu na daftari, umuulize shosho kila jani la shambani kwake linafanya kazi gani. Juliette alifanya hivyo maisha yake yote.

Kutokana na hayo akaunda mfumo wake wa kulea mbwa kwa njia ya asili. Alisema mbwa ni mla nyama, si mla biskuti, na wakati huo biskuti na mikebe ndiyo iliyokuwa ikiingia kwa kasi kwenye nyumba za Uingereza. Kwa hivyo menyu yake ilikuwa nyama mbichi, nafaka kiasi, na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Alitumia sana mwani, mmea wa baharini kama huu unaolimwa Kibuyuni kule Kwale. Alitumia rosemari. Alitumia majani ya rasiberi kwa mbwa mwenye mimba. Alitumia thabai, ndiyo, thabai hii hii inayokuwasha ukipita shambani, ambayo ikichemshwa inaingia kwenye mukimo. Na kitunguu saumu alikiweka karibu kila mahali, kwa minyoo na kwa viroboto.

Halafu kulikuwa na sheria mbili zisizohusu chakula. Mbwa akimbie, kweli kweli, siyo kufungwa mnyororo mchana kutwa. Na siku moja kwa wiki mbwa aliyekomaa asile chochote, anywe maji tu.

Unaweza kucheka, lakini matokeo yalionekana. Juliette alifuga mbwa wa jamii ya Afghan Hound, wale warefu wembamba wenye nywele kama za tangazo la shampuu, na kenneli yake iliitwa Turkuman. Mbwa mmoja wa ukoo huo, Turkuman Nissim's Laurel, alivuka bahari hadi Marekani na kuwa bingwa wa maonyesho. Watu wa maonyesho hawakujali nadharia zake. Walichotazama ni mbwa mwenyewe, na mbwa alikuwa mzuri.

Mwaka 1952 akatoa kitabu cha mitishamba kwa mifugo ya shambani, na mwaka 1955 kile kilichompa jina zaidi, cha mitishamba kwa mbwa. Matoleo ya baadaye yaliongezwa habari za paka. Vitabu hivyo bado vinachapishwa. Watu wengi wanaolisha mbwa nyama mbichi leo, na kampuni nyingi za poda za kijani, wanarudia mambo aliyoyaandika, hata wasipomjua.

Maisha yake yenyewe hayakuwa ya starehe, ingawa angeweza kuyachagua. Alizaa watoto wawili. Aliishi milimani Uhispania, akaugua homa ya typhus huko na kujitibu kwa mimea. Akahamia Galilaya, nchini Israeli, akaishi na watoto, nyuki na mbwa wake. Akakaa kisiwa cha Kythera, Ugiriki. Mwaka 1998 filamu ilitengenezwa juu yake, na ndani yake unamwona bibi kizee ambaye bado anatembea shambani akionyesha majani. Alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 96.

Sasa ngoja nikurudishe Ruiru.

Mwaka juzi nilipata kijibwa, miezi miwili, mweusi, masikio bado hayajasimama. Nikamwita Simba, kama nusu ya mbwa wa Kenya. Nilikuwa nimeshamsoma Juliette kidogo, na Juliette hakuamini chanjo. Aliona kinga ya kweli inatoka kwenye damu safi, na damu safi inatoka kwenye chakula. Muuzaji wa poda aliniambia kitu kama hicho, kwa maneno yake. Mimi nikaona hapa nimepata hekima na pia nimeokoa pesa. Pesa yenyewe ilikuwa ile ningeitumia jioni moja Kamakis, nyama na soda, na ikaisha hivyo.

Simba alikula poda yake. Alikunywa maji ya kitunguu saumu. Kwa wiki tatu manyoya yaling'aa kweli. Halafu asubuhi moja akakataa chakula, akatapika, na jioni akaanza kuharisha damu. Ilikuwa parvo. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo nikiwa nimechelewa. Daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Siku ya nne Simba alikufa kwenye kikapu cha nguo.

Simlaumu Juliette. Kitabu chake cha mbwa kilipotoka mara ya kwanza, parvo ya mbwa haikuwa imejulikana. Ugonjwa huo ulilipuka duniani mwaka 1978. Lakini nilitaka kuelewa. Mtu mwenye akili namna ile, aliyewapenda mbwa namna ile, alikosea wapi?

Nadhani alikosea mahali ambapo hata wewe ungekosea. Distempa haina dawa ya kuua virusi vyake, hata leo. Daktari anamsaidia tu mgonjwa apigane mwenyewe: maji, joto, usafi, dawa za magonjwa yanayodandia. Mbwa wengine hufa, wengine hupona. Sasa weka kliniki, uwatunze vizuri, uwape asali na majani. Watakaopona, mwenyewe atakuja kukushukuru na kukusifia mtaa mzima. Wa aliyekufa harudi. Baada ya miaka miwili umejaa shukrani na huna hesabu. Ili kujua kama ni majani yaliyoponya, unahitaji kundi jingine la mbwa lililotunzwa vivyo hivyo bila majani, kisha ulinganishe. Juliette hakufanya hivyo. Alikuwa ametoka chuo akichukia majaribio, na pamoja na ukatili akatupa pia hesabu.

Tena kwa haki yake, chanjo ya wakati huo ilikuwa changa. Watafiti wawili wa London, Laidlaw na Dunkin, walikuwa wameonyesha katika miaka ya 1920 kwamba distempa ni virusi na wakatengeneza chanjo ya mwanzo, ambayo haikuwa ya kutegemewa kama za leo. Kuitilia shaka mwaka 1938 kulieleweka. Kuitilia shaka leo, na ushahidi wote ulioko, ni kitu kingine.

Na ushahidi mwingine uko hapa kwetu. Mwaka 1994 distempa iliingia kwa simba wa Serengeti, ikavuka hadi Maasai Mara. Karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, kama 1,000 hivi. Watafiti waliwanyooshea kidole mbwa wa vijiji vilivyozunguka mbuga. Simba wale walikuwa wanakula nyama mbichi kila siku. Walikimbia, walikaa na njaa, hawakujua biskuti ni nini. Hakuna mnyama aliyefuata mfumo wa Juliette kuliko wao, na virusi havikujali.

Hiyo ndiyo ilinifungua macho. Chakula kizuri kinajenga mwili, lakini hakiufundishi mwili adui ambaye haujawahi kumwona. Hiyo ni kazi ya chanjo. Kichaa cha mbwa ndiyo usiseme: dalili zikishaanza, awe mbwa au mtu, karibu kila mara ni kifo, na hakuna jani lililowahi kubadilisha hilo.

Je, tumtupe Juliette mzima mzima? Hapana. Alikuwa sahihi kwamba chakula ni nusu ya afya. Alikuwa sahihi kuhusu mbio, jua na minyororo. Alikuwa sahihi kwamba mbwa si pipa la makombo. Boga lililochemshwa, karoti, majani kiasi ya kupikwa bila chumvi wala kitunguu, hayo mbwa wako anaweza kula na akafaidi. Lakini kuna vitu ambavyo ni lazima uvichuje, kwa sababu tumejifunza mengi tangu 1955.

Anza na kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Paka ndiye anayeumia upesi zaidi. Haionekani siku hiyo hiyo; baada ya siku kadhaa unaona ufizi umepauka na mnyama amechoka. Kwa hivyo ile supu ya kitunguu saumu ya viroboto, acha. Poda ni mbaya kuliko mbichi, maana kijiko kimoja kimebeba vitunguu vingi.

Halafu paka. Paka si mbwa mdogo. Ini lake halina uwezo wa kuvunja kemikali nyingi ambazo ini la mbwa linazimudu, ndiyo maana hata panadol moja inaweza kumuua. Mafuta makali ya mimea unayompaka, atayalamba. Kumfungisha chakula pia usithubutu: paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, ini linaweza kujaa mafuta na kushindwa kufanya kazi. Na lazima ale nyama au samaki, kwa sababu anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini ambacho hakipatikani kwenye mimea ya kawaida. Bila hicho, macho na moyo vinaharibika. Paka wa kulishwa ugali na majani anakufa polepole huku wewe ukidhani unampenda.

Nyama mbichi nayo ina hadithi yake. Matumbo, maini na mapafu mabichi kutoka kichinjioni yanaweza kuwa na uvimbe wa minyoo aina ya tegu. Mbwa akila, anabeba minyoo hiyo na kuwapitishia watu mayai yake. Ugonjwa huo uliwatesa sana watu wa Turkana, hata kukawa na kampeni maalum za kuupiga vita. Ukitaka kumpa mbwa matumbo, chemsha. Lakini mifupa usichemshe wala usichome kisha umpe: mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, unavunjika vipande vikali kama sindano. Najua umetoka Kamakis na mfuko wa mifupa. Fikiria tena.

Mwisho kuna jambo la Thika kabisa. Unajua makadamia? Mti huo uliingizwa Kenya mwaka 1946 na kupandwa shamba moja karibu na Thika, na leo eneo hili linasifika kwa njugu zake. Kwetu sisi ni afya na pesa. Kwa mbwa ni sumu. Akila kiasi tu, ndani ya saa kumi na mbili miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka, anatapika. Wengi hupona baada ya siku moja au mbili, ila wewe mwenyewe utakuwa umezeeka kwa hofu. Ni kitu cha asili, kimeota kwenye udongo mwekundu tunaoukanyaga, hakina kemikali ya kiwanda. Kwa hivyo mtu akikuambia kitu hakiwezi kudhuru kwa sababu ni cha asili, mkumbushe makadamia.

Mimi sasa nina mbwa mwingine. Alianza kuchanjwa akiwa na wiki nane, akarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi alipofika miezi minne, na ya kichaa cha mbwa nampeleka kila mwaka. Kadi yake iko kwenye droo pamoja na kitambulisho changu. Jioni anakula ugali kidogo, omena, na boga kutoka kwa mama mboga. Tunakimbia pamoja nyuma ya bypass kabla giza halijaingia. Nikitaka kumwongezea jani lolote, namuuliza daktari kwanza, namwambia jina la jani, kipimo, na uzito wa mbwa. Wakati mwingine anakubali, wakati mwingine anatikisa kichwa.

Kitabu cha Juliette bado ninacho. Nakisoma kama ninavyomsikiliza nyanya yangu: kwa heshima, na bila kumeza kila kitu. Mbwa wake na majani yake aliwaangalia kwa makini kuliko wengi wenye vyeti, na hilo nataka kujifunza kwake. Kuhesabu waliokufa hakujifunza. Hilo Simba alinifunza mimi.